Mshumaa wa Gerezani

Juzi nilipita mtaa wa Gerezani, penye magereji, nimemshika mama mkono, nikamwona fundi chini ya lori kuukuu akipasha moto bolti ya springi iliyoshikwa na kutu. Ilipokolea moto akaigusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kupenya ndani. "Leta spana upesi, inapoa," akamwambia mwenzake. Harufu ile ya nta ikanirudisha kwa baba.

Siku moja, nikiwa bado mtoto, mama alikuwa amelazwa hospitali, na shangazi alinituma nimpelekee baba chakula gereji. Nyundo ziligonga kila upande. Nilimkuta baba chini ya lori, bolti moja imegoma kutoka tangu asubuhi. Alipomaliza kuipasha moto akachukua mshumaa, nami nikajua anamwombea mama, maana mishumaa niliijua ya kanisani tu. Nikaweka hotpoti chini, nikapiga magoti kwenye mchanga ulionuka oili, nikaanza Baba Yetu.

Fundi Saidi, mwenzake, akamnyooshea spana. "Kaka, inapoa hiyo."

"Iache," baba akasema taratibu. "Mtoto anamwombea mama yake."

Akavua kofia. Nilisali bila haraka, nikaongeza na Salamu Maria. Nilipomaliza akaitikia, "Amina," akaishika ile bolti kwa vidole vitupu, ilikuwa imeshapoa kabisa. Akawasha moto tena, akachukua tena mshumaa.

Mimi nikanyamaza kimya, nikidhani sasa ni zamu yake ya kusali.