Gulumpi na Fundi Taa wa Chandannagar

Mwaka ule nilishona blauzi za mikono ya gulumpi mpaka vidole vikaota sugu, na hadi leo usiniulize mkono wa gulumpi ni mkono gani. Mteja wa kwanza alitaka uvimbe begani. Wa pili alitaka ubane begani uvimbe kwenye kiwiko. Wa tatu, mke wa Subimal Kundu, alitaka usiwepo kabisa. Nilipomwambia kwamba siku zote hiyo tumeiita blauzi isiyo na mikono, alinitazama akanionea huruma. Nikachukua vipimo.

Neno lenyewe lilikuwa limeenea kila mahali na hakuna aliyejua limesambazwa na nani. Lilikuwemo kwenye wimbo wa filamu, ule wa kijana mwembamba anayecheza juu ya paa la treni. Muuza barafu alipita na baiskeli akiita "Gulumpi baridi," na barafu yake ilikuwa ya zambarau. Vijana wa klabu ya mpira wakimpiga mtu tobo walipaza sauti gulumpi. Mwanasiasa mmoja aliyehama chama aliandikwa ukutani kuwa ni gulumpi, naye akajibu mkutanoni kwamba anaona fahari kuwa gulumpi. Katika mchezo wa televisheni wa jioni lilikuwa jina la paka wa mama mkwe. Mwalimu wa hesabu alilipiga marufuku darasani, na wanafunzi walipomwuliza anakataza kitu gani, akatoka nje kunywa maji.

Katika vurugu zote hizo mtu mmoja hakucheka hata siku moja, naye ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Haradhan Sadhukhan, fundi taa.

Mafundi taa hapa Chandannagar, mji unaosifika kwa mapambo ya taa za sikukuu, hawahesabiki, lakini Haradhan ni wa wale wa zamani, wa enzi za balbu ndogo zilizofungwa karatasi za rangi moja moja kwa mkono. Ndiye aliyetengeneza ile bodi ya taa yenye picha ya tausi anayefungua mkia juu ya barabara ya kituo cha treni, na ile ya samaki anayeruka kutoka kwenye kikaango kurudi mtoni. Vidole vyake vimeungua mara nyingi mpaka havisikii tena joto la kikombe cha chai. Hakuoa. Watu husema alioa waya, naye huitikia kwamba waya haugombi. Anaishi na dada yake, Shefali, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada Shefali aliolewa, akazaa mtoto mmoja, akafiwa na mume, akarudi nyumbani kwa mdogo wake, na tangu hapo hao wawili ni kitu kimoja.

Chini ya kila bodi aliyowahi kutengeneza, pembeni kabisa, Haradhan aliandika gulumpi kwa balbu ndogo. Ilikuwa alama ya karakana yake. Kama mtunzi wa ule wimbo alikuja kutazama taa zetu akaliona pale, mimi sijui, na Haradhan mwenyewe hajui. Ila kamati ya mtaa ilikumbuka. Majuma machache kabla ya sikukuu ya mungu wa kike Jagaddhatri, ambayo mji wetu huipamba kwa taa, katibu wa kamati, Subimal Kundu, alikuja karakana na sanduku la peremende.

"Bodi kuu mwaka huu ni gulumpi," akasema. "Watu watatoka mpaka Kolkata."

"Gulumpi ni nini?" Haradhan akauliza.

"Unaniuliza mimi? Si alama yako miaka yote?"

"Pale nimeliandika tu."

"Basi lichore."

"Halina sura, kaka Subimal."

"Kila kitu kina sura. Hata njaa ina sura, mtazame mwalimu wa hesabu."

Akaondoka, peremende akaziacha. Haradhan akaanza kuzunguka na penseli. Vijana wa mpira walimwambia achore tobo. Mke wa Subimal akamwonyesha bega lake. Watoto walimchorea paka, kisha wakagombana kama paka huyo ana mkia. Kila alichochora alikitazama, akatikisa kichwa, akakichana. Mwisho akaja dirishani kwangu ameshika tama.

"Minoti, huo mkono wa gulumpi ukoje?"

"Umepotea njia," nikamwambia. "Hapa ndipo mahali pa mwisho pa kuuliza."

Lakini lililomnyima usingizi halikuwa bodi. Lilikuwa dada yake. Macho ya dada Shefali yameingia ukungu, na kumbukumbu zake zinakuja na kwenda zinavyotaka. Tangu wimbo ule utoke, mtu akitamka gulumpi uchochoroni yeye huinuka na kumfuata. Tangu zamani lilikuwa neno lake, la kumwitia mdogo wake, sote pale mtaani tulizoea kulisikia likitoka dirishani kwao. Sasa kila mtu alikuwa analo. Katika sikukuu ya Durga, iliyotangulia ile ya Jagaddhatri, alimfuata muuza barafu mpaka gati la mto, tukamkuta ameketi kwenye ngazi karibu kabisa na maji, barafu ya zambarau inamyeyukia kiganjani. Nililia siku hiyo, na mimi si mtu wa kulia.

Mwanawe Tarak alikuja kutoka Durgapur, anakofanya kazi kiwanda cha chuma. Ni mtoto mzuri, sina neno naye, ingawa wakati ule nilitamani kumzaba kofi.

"Mjomba," akasema, "akitoka hivi tena hata mara moja, naondoka naye. Kule nakaa ghorofa ya nne, kuna mlango wa chuma. Hatapotea."

Haradhan alitazama upande wa gati. Mto ulikuwa pale pale.

Basi ikafika siku ya akina dada kuwatia kaka zao alama ya msandali. Tarak alikuwa amekuja kwa sikukuu. Mimi sina kaka, kwa hiyo kila mwaka nakaa jikoni kwao nikikaanga luchi, vile vichapati vya kuumuka, na kusikiliza ya watu. Dada Shefali alikuwa amefunga kula tangu alfajiri, hilo hakulisahau. Haradhan akaketi juu ya mkeka, amevaa shati jipya, taa ya samli mbele yake. Dada mtu akachovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye msandali, akakigusisha kwenye paji la uso la mdogo wake. Hapo dada wengine husema maneno ya kumkinga kaka na kifo. Yeye hakuwahi kuyasema, hata zamani akili ikiwa timamu. Alisema lile lake.

"Gulumpi."

"Niko hapa, dada."

Hakuondoa kidole. Alikuwa anamtazama mikono.

"Gulumpi," akarudia.

"Niko hapa, mbele yako. Nitazame."

Wala hakumtazama uso. Aliitazama ile mikono iliyolala mapajani, akaisubiri, na nilimwona anavyozidi kuingiwa na wasiwasi. Hapo hapo nje ikapita baiskeli. "Gulumpi baridi!" Dada Shefali akainuka, msandali ukiwa bado kidoleni, akatoka. Nilimkimbilia na mwiko mkononi. Nilimfikia kwenye kona, anamshika muuza barafu shati na kumwuliza kwa nini amekua ghafla hivi.

Tuliporudi naye, Tarak alikuwa amesimama mlangoni. Hakufoka. Alisema tu kwamba atakata tiketi mbili, waondoke sikukuu ikiisha. Haradhan alibaki pale mkekani na ile alama kwenye paji.

"Kaka Haradhan," nikasema, "kwa nini alikuwa anakutazama mikono?"

"Sijui."

"Anakusikia unamjibu, na bado anasubiri. Anasubiri nini mkononi mwako?"

Akaigeuza mikono yake, akaitazama na yeye. Jikoni luchi zilikuwa zimeanza kunukia moshi.

"Sikuwa nasema," akasema.

"Lini?"

"Utotoni. Nilichelewa kusema, karibu na kuanza shule bado nilikuwa bubu. Umeme ulikuwa ukikatika kila jioni, na dada alinitafuta gizani kwa neno hilo. Sikumjibu kwa mdomo, sikuwa nao. Nilikuwa na tochi ya baba. Nawasha mara mbili, anakuja."

"Na neno lenyewe maana yake nini?"

"Mimi nilidhani ndilo jina langu. Mwalimu alipoita Haradhan siku ya kwanza sikuinua mkono."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Yeye alikwishaondoka kutafuta tochi. Jioni ile alisimama mlangoni, dada Shefali akamwita, naye akawasha mara mbili. Dada Shefali hakuona kitu. Na angeona vipi? Kumulika tochi Chandannagar wiki ile ni sawa na kumwaga kikombe cha maji mtoni. Kila nguzo ina taa, kila balkoni ina taa, hata mbuzi wa jirani walikuwa wamevishwa taa shingoni. Kwa macho yale ya ukungu mji mzima ulikuwa mwanga mmoja. Haradhan alirudi ndani akaketi karibu na meza yake.

"Mjomba, usijitese," Tarak akamwambia. "Tiketi nimeshakata."

Siku zilizofuata karakana ilifungwa. Subimal alikuja akabisha, akaja tena, akaja na mkewe. Kutoka ndani alijibiwa kwamba bodi iko tayari na ipunguzwe kelele. Ilipotolewa ilikuwa imefunikwa turubai, ikapandishwa kwenye fremu ya mianzi mwisho wa uchochoro, na Haradhan akapanda ngazi akaketi nyuma yake.

Jioni ya kuwasha, uchochoro ulijaa hata mchwa asingepata pa kupita. Subimal alikuwa na kipaza sauti. Mimi na Tarak tulikuwa na dada Shefali mwanzo wa uchochoro, kando ya duka langu, kwa sababu Haradhan alituagiza tusimame hapo wala tusisogee. Tarak alimshika mama yake mkono. Mimi nilishika pindo la sari.

"Ndugu watazamaji," Subimal akasema, "sasa mtaiona gulumpi yenyewe."

Turubai ikaanguka. Bodi ilikuwa nyeusi tii. Kabla watu hawajaguna, taa zote za uchochoro zikazimika, kutoka kwetu mpaka kwake. Kipaza sauti nacho kikafa.

Sijui kama unaweza kuelewa giza katika mji huu siku ile. Watoto walianza kulia. Mtu akasema umeme umekatika, mwingine akasema ni bomba la gesi, tukimbie. Nilisikia sauti ya Subimal, bila kipaza, ikiomba radhi kwa watu wa Kolkata. Kisha kijana mmoja kwa mzaha akapiga kelele gulumpi, na wenzake wakaitikia, na uchochoro mzima ukashika, gulumpi huku, gulumpi kule, miluzi na vicheko. Nikajisemea, Haradhan, umetumaliza. Hao ni wauza barafu mia kwa wakati mmoja.

Dada Shefali aliinua shingo kuwasikiliza. Akaita, kwa ile sauti yake ndogo, "Gulumpi."

"Gulumpi, bibi!" wakaitikia vijana waliokuwa karibu.

Akageuka kulia. Akageuka kushoto. Nilihisi sari inakazika mkononi mwangu, Tarak naye akamvuta kwake.

"Mama, hapa. Njoo huku."

"Si hao," dada Shefali akasema.

Na mwisho wa uchochoro, katikati ya ule weusi, taa moja kubwa ikawaka ikazimika. Ikawaka tena ikazimika.

Aliuchomoa mkono kwa Tarak kama anayemrudisha mtoto wa jirani kwao. Sari ilinitoka. Alitembea moja kwa moja, mwanamke ambaye mchana huhitaji ukuta wa kushika, na watu walimpisha bila kujua wanampisha nani. Tulimkuta chini ya ngazi, ameinua uso.

"Mbona umechelewa kujibu?" alikuwa anamgombeza. "Nimeita toka lini?"

Haradhan akamjibu kwa mkono wake. Aliwasha mara mbili.

Kisha akarudisha taa za uchochoro, na Subimal akaja mbio anahema. "Picha iko wapi?"

"Imekwisha," Haradhan akasema.

Siku zote za sikukuu watu walibishana. Wengine walisema bodi ni mbovu, wengine wakasema ndiyo sanaa ya kisasa, na mke wa Subimal alisema aliielewa tangu mwanzo. Kesho yake tu asubuhi vijana walikuwa wamepata maana nyingine: kuzima taa makusudi, hiyo ndiyo gulumpi.

Usiku ule wa kuwasha, Tarak alikuwa amebaki chini ya ile ngazi baada ya wote kutawanyika. Nilikuwa nimesimama naye.

"Mjomba, taa hiyo ukiishusha utaifunga wapi?"

"Juu ya benchi yangu ya kazi. Wapi tena?"

"Na dirisha la mama linatazama wapi?"

"Benchi. Akiniita, naiwasha."

Tarak akatia mkono mfukoni mwa shati, akazigusa tiketi, akautoa mkono mtupu. Alirudi Durgapur peke yake. Kile kiti cha mama yake kwenye treni, alitusimulia baadaye, kilikaliwa na jamaa mmoja aliyelala njia nzima huku simu yake ikiimba gulumpi, gulumpi. Alitaka kukasirika akashindwa. Anasema kila ilipoita, aliinua macho akatafuta taa dirishani.