Mzee wa Daftari, Safu ya Kumi na Nne

Mardhiya wa Ilford hakumwamini mtu yeyote mwenye penseli. Miaka tisa ya kulinda majukwaa ya uwanja wa Stratford, London, ilimfundisha hivyo, na asubuhi ile Tatiana, msimamizi wao, Mkongo asiyechekacheka na mtu, alizidi kuikoleza shaka hiyo.

"Leo Wamarekani wanacheza besiboli. Kuna watu huwapasha wacheza kamari habari kabla televisheni haijaonyesha. Ukiona simu, daftari, kidude sikioni, niite. Na jaketi la usimamizi natoa leo. Atakayemfukuza mgeni asiye na kosa asilitarajie. Mardhiya, unanisikia?"

Alisikia. Mwezi uliopita, kwenye mpira, alimtoa mwanamume mmoja mpaka nje, kumbe mtu wa watu ana tiketi yake halali. Akirudia tena, jaketi atavaa mlinzi mwenzake Deus, na Deus hulala akiwa amesimama.

Sasa huyu hapa, safu ya kumi na nne: mzee wa Kihindi, daftari la vimraba gotini, simu pajani, kidude sikioni. Kila mpira ukirushwa, anatia alama. Mardhiya akabonyeza redio kumwita Tatiana, kisha akasogea.

"Shikamoo, mzee. Unaandika nini?"

"Marahaba, mama. Naandika mchezo. Mimi Pradip, natoka Stanmore, lakini nimezaliwa Mombasa."

Mtu wa nyumbani! Mardhiya akazidi kushuku.

"Mchezo si uko kwenye skrini, kubwa kama nyumba? Unamwandikia nani?"

"Najiandikia. Nilizoea nilipokaa kwa mwanangu Toronto. Hawa wanaorusha wameachwa pointi kumi na mbili. Tazama, atakayerusha sasa si mrushaji."

Kweli. Mchezaji aliyekuwa akiokota mipira ya chini tangu mchana akapanda kijilima anaposimama mrushaji, akaanza kurusha vimipira laini kama anayemtupia mtoto chungwa. Uwanja mzima ukacheka. Mardhiya hakucheka.

"Wameuza mchezo! Na wewe ulijua!"

"Punguza sauti, mama. Zamani hiki kilikuwa kioja, siku hizi ni mpango. Mchezo umeshawatoka, kwa hiyo wanapumzisha mikono ya warushaji wao kwa ajili ya kesho. Usiniamini mimi. Angalia kule pembeni wanakopasha misuli. Kuna anayejiandaa?"

Mardhiya akaangalia. Mchana kutwa warushaji wa akiba walikuwa wakirusharusha kule. Sasa wamekaa, miguu wameinyoosha, wanatafuna mbegu. Akakumbuka harusi za kwao Majengo: wali wa leo ukishaungua, mpishi mkuu haamshwi. Huitwa shangazi yeyote akoroge, kwa sababu kesho ndiyo siku ya bwana harusi.

"Na hicho cha sikioni?"

Mzee akakichomoa, akampa. Hakikutoa sauti ya mtu; kilipiga mluzi tu, kama vile vifaa vya kusikia vya wazee anaowaogesha katika kazi yake ya siku za wiki.

Tatiana akafika akihema. "Yuko wapi wa kutoa?"

Jaketi hilo hapo, linaning'inia mkononi mwake.

"Hayupo. Nilimshuku, nikakuita mapema. Nimemkagua, anajiandikia tu."

"Umenipandisha ngazi zote hizi kuniambia umekosea?"

"Ndiyo. Bora upande wewe kuliko ashushwe yeye."

Tatiana akamtazama mzee, akamtazama Mardhiya. "Mwezi uliopita ungekuwa umeshamfikisha getini. Shika."

Mardhiya akalipokea. Kabla ya kulivaa akapekua mifuko yote miwili. Kisha akageuka.

"Na hiyo simu, mzee, itie mfukoni."