Mechi Moja ya Musyoka

Habari hii nimeikwepa muda mrefu, na wale mnaoijua naomba mninyamazie nimalize, maana nusu ya Wakenya wa hapa Columbia Heights, kando ya Minneapolis, waliiona kwa macho yao, wengine nasikia walirekodi (sijawahi kuthubutu kuuliza ni nani), na mpaka leo nikimwona mtu wa kanisani kwetu pale dukani nikinunua unga, nageuza toroli nijifiche upande wa maharagwe. Mimi ndiye niliyeharibu. Nianze hapo, msije mkanionea huruma mapema.

Mwanangu Musyoka alikuwa mwaka wa nne katika chuo kimoja kidogo huko Saint Paul, na alikuwa anacheza ule mpira wa Wamarekani, wa helmeti na kugongana. Miaka mitatu mizima sikuuelewa (mpira unashikwa kwa mkono, unachezwa sekunde tano, halafu watu wanasimama kufanya mkutano), lakini jambo moja nilielewa haraka: kuna chuo kingine ng'ambo ya mto, upande wa Minneapolis, ambacho hawa wetu hawataki hata kukitaja jina. Kila mwaka wanagombania beleshi la theluji. Beleshi kuukuu, la mbao, limepakwa rangi za vyuo vyote viwili, na miaka yote mitatu lilibaki kwa wale wengine. Nimemwona kijana wa kilo mia na kumi akilia kwenye meza yangu ya jikoni kwa sababu ya hilo beleshi, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Halafu korona ikaja. Msimu ukafutwa. Wakasema watacheza theluji ikiyeyuka, wakasema hapana, wakasema ndiyo lakini mechi mbili tu, ya kwanza ikafutwa siku mbili kabla, ikabaki moja, ile ya beleshi, Jumamosi moja ya Aprili, bila watazamaji, tutaiona mtandaoni. Wachezaji wakafungiwa bwenini, wanapimwa kila baada ya siku mbili, mgeni haruhusiwi, hata mzazi. Kila nikimpigia Musyoka namuuliza, mtacheza? Ananijibu, "Maybe, Dad." Labda, labda. Mtoto anasoma miaka minne, anaamka saa kumi na moja alfajiri kubeba vyuma, halafu anapewa labda.

Sasa Jumapili kabla ya mechi nikaamka nimeamua kumpelekea chapati. Hilo tu. Chapati na nyama ya kukaanga, kijana apate nguvu. Mke wangu Mueni ni nesi kwenye nyumba ya wazee kule Golden Valley, alikuwa ameshachanjwa, mimi mfanyakazi wa ghalani zamu yangu ya chanjo ilikuwa wiki iliyofuata. Akanisikia nakohoa.

"Baba Musyoka, hicho kikohozi ni cha nini?"

"Ni aleji. Theluji ikiyeyuka huwa nakohoa, wewe hujui?"

"Basi usiende popote."

"Naenda kuweka mafuta kwenye gari tu."

Nika-drive mpaka Saint Paul na chapati arobaini kwenye buti.

Nia yangu ilikuwa kumwachia pale paking na kuondoka, kweli. Lakini Musyoka alitoka na wenzake watatu, wakawaita wengine, mvua ikaanza, wakaingia kwenye gari, vijana wakubwa hivyo, vioo vimefungwa, barakoa zimeshuka kidevuni kwa sababu mtu hawezi kula chapati na barakoa, na mimi katikati nagawa nyama kwa mkono na kuwaeleza vile watakavyowafunga wale wa ng'ambo (mimi, ambaye sijui hata pointi zinahesabiwa vipi). Wakawa wanapokezana, wanne wanatoka, wanne wanaingia. Musyoka akanikumbatia. Nilikohoa mara mbili, nikageukia dirishani, nikaona nimekuwa mstaarabu.

Alhamisi Mueni alirudi kutoka kazini akakuta jikoni kumejaa moshi na mimi nimekaa hapo hapo nasoma ujumbe kwenye simu. Githeri yangu ya mahindi na maharagwe ilikuwa imeungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi.

"Husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Ijumaa akanipeleka kupimwa, akanifungia chumba cha chini. Na hapo, ndugu zangu, ndipo ningesema. Ningempigia kocha. Lakini nilijiambia majibu bado, nikisema sasa watafuta mechi bure, tusubiri.

Jumamosi asubuhi, Pasta alikuwa ameita kanisa zima tuitazame mechi pamoja kwa video, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba hivyo kwenye grupu tangu Februari. Nyuso kama hamsini, wengine na chai mkononi. Mimi nimevaa jezi ya mwanangu, inanifika magotini. Pasta akasema, Baba Musyoka tufundishe sheria, nami nikaanza kufundisha. Dakika kumi kabla ya mechi, tangazo likatokea kwenye ukurasa wa chuo: mechi imefutwa, kuna maambukizi ndani ya timu, haitarudiwa.

Nilihisi kama mtu ameniondolea kiti nilichokalia. Nikafungua mdomo, na hiyo ndiyo sehemu waliyorekodi.

"Kuna mtu!" nikapiga kelele. "Kuna mtu mmoja, mtu mzima, ameshindwa kukaa nyumbani kwake! Amewapelekea watoto wetu ugonjwa kwa upumbavu wake! Pasta, huyo mtu tumwombee afedheheke!"

"Amina," akasema mama mmoja.

"Afedheheke mbele za watu!"

"Amina!" wakaitikia wengi.

Hapo kikatokea kisanduku kipya kwenye skrini. Musyoka, amekaa kitandani, chumba kitupu nyuma yake, macho mekundu.

"Dad, stop," akasema. Halafu akageukia Kiswahili chake kile kigumu, anachokitumia na nyanya yake tu. "Ni wewe. Sisi wote tuliokula ndani ya gari. Tuko watu tisa."

Hakuna aliyesema amina.

Nikasikia hatua kwenye ngazi. Mueni alikuwa anatazama na simu yake huko juu, sasa amesimama mlangoni na barakoa yake ya kazini. "Ulienda chuoni? Uliniambia unaenda kuweka mafuta!" Nikatafuta mahali pa kuzima maiki, nikazima kamera badala yake, kwa hiyo kanisa halikuniona tena, lilinisikia tu, dakika nne nzima, nikisema Mama Musyoka nisamehe, na yeye akiniuliza kama nilitaka kuwaua wazee wake pia. Pasta ndiye aliyefunga mkutano. Majibu yangu yalikuja mchana, na hakuna aliyehitaji kuambiwa yanasema nini.

Vijana walipona wote. Mzee anayefua jezi za timu alilazwa siku tisa, kwa mashine ya hewa, akatoka. Nilimwandikia barua, sikupata jibu, na sikustahili. Musyoka hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuwa anapokea simu yangu, anasema yuko sawa, anasema ana kazi ya darasani, anakata.

Lakini la kwenye video silo linaloniamsha usiku. Linaloniamsha ni siku ya mahafali, mwezi uliofuata, uwanjani, nje, kila familia imepewa viti viwili. Kando yetu alikaa mama mmoja Mzungu, mpole, akaniambia mtoto wake alikuwa mpiga teke wa timu, yule wa kuupiga mpira kwa mguu, na kwamba mzazi fulani alikuja na chakula akawanyima watoto mechi yao ya mwisho. Akaniuliza, wewe unaweza kuelewa mtu kama huyo? Nikatikisa kichwa. Nikasema hapana, siwezi. Kisha akaniuliza mtoto wangu ni yupi, nikajifanya sikusikia.

Wakaita jina la Musyoka. Mueni akasimama, akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Mimi nilibaki nimekaa, mikono mapajani, natazama viatu vyangu, na mwanangu kule jukwaani akatazama upande wetu, akamwona mama yake amesimama peke yake.

Siku hizi nikikohoa hata mara moja natangaza, watu wananicheka kazini. Na nimeapa kwamba popote jina la huyo kijana litakapoitwa tena, hata iwe kwenye foleni ya leseni za gari, nitasimama. Mpaka sasa halijaitwa mahali ambapo nimealikwa.