Breki Zinazotaka Moto

Mihayo Ndalahwa hajawahi kufunga injini, wala hajawahi kudai anajua. Ukimpelekea gari linalotoa moshi, atakuelekeza kwa mwenzake ng'ambo ya barabara. Yeye ni breki tu, miaka ishirini na sita, Bariadi mjini, kibanda cha mabati upande wa kiwanda cha pamba. Na kwa breki, acheni utani. Madereva wa mabasi ya Mwanza na wa malori ya pamba hawakuondoka pale mpaka Mihayo aseme neno lake moja: "Nzima." Akishalisema, hata trafiki hakuuliza tena.

Alikuwa na desturi iliyompa jina. Gari likishafungwa breki, dereva anazunguka nalo mtaani kidogo. Akirudi anamkuta Mihayo amechora mstari kwenye vumbi kwa kisigino, amesimama nyuma yake, mikono mfukoni, anasema: "Njoo." Watu waliacha chai zao wakaja kutazama. Miaka yote hiyo hakuna gari lililomgusa goti. Mkewe, Ernestina, alimwambia ana wazimu, naye akamjibu kwamba fundi anayeogopa kazi yake aende akauze nyanya.

Sasa Desemba iliyopita akaja Dastan, mtoto wa mdogo wake, kutoka Dar. Alikuja na gari jekundu, la chini, la mwendo, alilolinunua kwa mtu aliyekuwa akishindana nalo kwenye viwanja vya resi huko Afrika Kusini. "Bamkubwa," alisema, "breki zinapiga kelele, halafu asubuhi zinagoma."

Mihayo akafungua tairi, akatoa diski. Loo! Nyepesi kama sahani ya bati, rangi ya majivu, wala si chuma. Akampigia simu fundi mmoja wa Mwanza aliyewahi kuhudumia magari ya mashindano. Yule akamweleza kwamba hizo ni kaboni, tena za kiwanjani. Zikishapata moto hakuna chuma kinachozifikia, unazikanyaga kutwa nzima hazichoki. Zikiwa za baridi, ndugu yangu, ni mbao.

"Na hapa kwetu," Mihayo akamwambia Dastan, "ng'ombe hakungoji upashe moto. Weka chuma." Diski za chuma zikaja kwa basi, akazifunga mwenyewe, na gari likawa linashika unapogusa tu pedali, asubuhi au mchana.

Wiki haikuisha. Dastan akaenda kupiga resi na wenzake kwenye lami ya Lamadi, anafyatuka, anakanyaga, anafyatuka tena, mpaka chuma kikachemka, pedali ikazama, harufu ya kuungua ikajaa ndani. Ni kweli chuma hakiwezi mchezo huo, na Mihayo alikuwa amemwonya. Lakini kijana alirudi amefura, maana wenzake walimcheka eti kaweka breki za kubebea viazi. Akataka kaboni zake. Mihayo akakataa siku mbili. Siku ya tatu Dastan akasema, mbele ya madereva, "Sawa, bamkubwa. Kama hujui kuzifunga sema tu, nizipeleke Mwanza."

Hapo ndipo shetani alipompata. Hajui! Yeye, Mihayo, hajui! Akashika spana, akazirudisha zile kaboni kwa hasira, akamtuma Dastan azunguke. Dastan akazunguka mara tatu kwa fujo, akikanyaga breki kila kona, akarudi magurudumu yananuka. Mihayo akasimama nyuma ya mstari wake. Gari likaja kasi kuliko lolote alilowahi kulisimamia, kisha likatulia pale pale. Kati ya boneti na goti lake palibaki shubiri moja. Watu wakapiga makofi.

Mihayo alijua kwamba alichokiona ni kaboni zenye moto. Alijua pia kwamba kesho asubuhi zitakuwa mbao. Lakini makofi yale, jamani, nani hapendi makofi? Akasema, "Nzima."

Siku mbili baadaye, saa moja na nusu asubuhi, Dastan akatoka Bariadi kwenda Lamadi. Barabara ilikuwa nyeupe, hakugusa breki hata mara moja mpaka Dutwa. Pale Dutwa, Minza, mke wa mfugaji mmoja aitwaye Masalu, alikuwa anavuka na ndoo ya maziwa. Dastan alimwona mapema kabisa. Akakanyaga. Gari likaendelea kwenda. Akakanyaga tena kwa miguu yote miwili, na lilipoanza kushika lilikuwa limeshamfikia. Minza hakufa. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Gari likavutwa hadi Bariadi, mkaguzi wa magari akaja. Mtu makini, sina neno naye. Akaliendesha lile gari kwenda na kurudi, akakanyaga breki mara tano, mara sita, na kila mara likashika vizuri kuliko mara iliyotangulia. Akamgeukia Mihayo mbele ya watu wote, Masalu akiwemo. "Fundi, wewe ndiye uliyezifunga. Unasemaje?"

Ilitakiwa sentensi moja tu: lipimeni asubuhi, kabla halijapata joto. Basi. Mihayo alikuwa nayo mdomoni. Akawaangalia madereva wake waliokuwa wanamngoja aseme. Akamwangalia mtoto wa mdogo wake. Akasema, "Nzima." Mkaguzi akaandika. Ule ulikuwa woga, na yeye mwenyewe leo haupi jina jingine.

Tangu siku hiyo Dutwa nzima ikawa na hakika kwamba Minza alivuka ovyo. Ernestina alileta habari kutoka sokoni: Masalu anamwita mkewe kipofu mbele ya wageni, na watoto wamekatazwa kutembea naye barabarani. Mihayo akaanza kuacha chakula. Mwezi wa tatu akaenda polisi mwenyewe, akasema yote. Wakamsikiliza vizuri, wakampa kiti. "Mzee, faili lilifungwa. Gari lenyewe liko Dar. Tupime nini sasa?"

Akapanda basi, akashuka Dutwa. Alimkuta Minza uani amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele, magongo yako kando.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, fundi. Karibu."

Hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama: kaboni, chuma, moto, makofi, na lile neno mbele ya mkaguzi. Minza alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na mchele.

"Nilimwona yuko mbali," alisema. "Pale hata basi lingesimama. Nimelisema hilo mpaka nimechoka kulisema. Wewe umekuja kuniambia mimi, baba, na mimi ndiye peke yangu niliyekuwa najua."

Akausogeza mchele kando.

"Mume wangu anarudi sasa hivi na ng'ombe," Minza alisema. "Mwambie yeye."

Masalu akaja, akafunga zizi, akanawa mikono. Mihayo akamweleza yote upya, pole pole, hakuruka kitu. Masalu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi, una moyo mzuri," alisema. "Umemhurumia mke wangu ukaona umbebee lawama. Ahsante sana. Lakini mimi nilikuwepo siku ile. Kama gari lingekuwa bovu, wewe Mihayo usingesema ni nzima."

Minza akavuta magongo yake, akainuka taratibu, akaingia ndani.