Jumamosi Tulizompima Skola

Harufu ya magunia ya katani na vumbi la mahindi makavu hunijia hadi leo, hasa miezi ya baridi, upepo unaposhuka kutoka milima ya Mbizi na kupita juu ya nyasi kavu kama unatafuta mtu. Nikiisikia najikuta nina miaka kumi na moja, nimekaa juu ya rundo la mahindi katika ghala la ushirika pembeni mwa Sumbawanga, miguu imezama kwenye punje hadi magotini, na mwanga wa saa kumi unaingia kwenye matundu ya bati na kusimama wima ndani ya vumbi. Baba yangu alikuwa mpimaji wa ghala lile. Wakulima walileta mahindi na ulezi kwa mikokoteni ya ng'ombe, wengine wakitoka hata Msanzi kule mbali, wakangoja zamu zao wakizungumza Kifipa kwa sauti ya chini, na baba akasimama kando ya mizani yake kama padri kando ya altare.

Ilikuwa mizani ya jukwaa, ya chuma, yenye mkono mrefu na kibao kidogo kinachoteleza juu ya namba. Nyuma ya mkono ule, mahali ambapo mkulima hawezi kupaona, kulikuwa kumebandikwa kipande cha madini ya risasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Siku nilipokigundua, baba aliuondoa mkono wangu taratibu. "Hicho ni cha gunia," alisema. "Sisi tunanunua mahindi, hatununui gunia. Kinaondoa kilo mbili. Usikiguse, na usimwambie mtu." Gunia tupu nilikuwa nalibeba begani bila kulihisi, lakini sikuuliza. Kwa akili yangu ya utoto niliamini mizani zote duniani zina kipande kama kile, kama vile milango yote ina bawaba.

Skolastika, ambaye wote tulimwita Skola, alikuwa binti wa jirani yetu, mkubwa kwangu kwa miaka saba. Alianza kwenda kwenye karakana ya Fundi Ambakisye kumpelekea chakula cha mchana, kwa kuwa mama yake ndiye aliyempikia. Fundi alikuwa seremala kutoka Mbeya, mjane, mwanajeshi wa zamani aliyepigana ngumi jeshini, na nyuma ya karakana alikuwa amening'iniza gunia lililojaa mchanga na maranda. Vijana wa kiume walimfuata wakati wa mavuno. Ilipofika Juni na baridi ikaanza kung'ata vidole, walibaki wawili, kisha mmoja, kisha akabaki Skola. Kila alfajiri nikiwa bado ndani ya blanketi niliusikia mlio wa gunia lile, tu, tu-tu, tu, ukija na ukungu kupitia miti ya mikaratusi, na sikujua kama nimeamka au naota. Kwenye bomba la maji wanawake walimtania.

"We Skola, na hizo ngumi utaolewa na nani?"

"Na atakayeweza kuzikwepa, mama."

Walicheka hadi ndoo zikamwagika.

Mwaka ule kulikuwa na siku ya michezo huko Mbeya. Fundi aliwaandikia waandaaji barua tatu, akiomba pambano moja la wanawake kabla ya yale ya wanaume. Walimjibu mara ya tatu: msichana mmoja wa kwao alikuwa tayari, ila wote wawili wasizidi kilo hamsini na nne. Skola aliisoma barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. "Nikipigana hili moja tu, Deo," aliniambia, "hakuna atakayesema tena kwamba mwanamke hawezi. Watakuwa wameshaona kwa macho yao."

Basi tukaanza kumpima. Kila Jumamosi jioni, ghala likishafungwa, baba alituachia ufunguo. Skola alivua viatu na kupanda jukwaani, Fundi akisimama mlangoni amevua kofia, na mimi nikatelezesha kile kibao kwa kidole kimoja hadi mkono ukaelea. Nilizipenda jioni zile kuliko kitu chochote. Njiwa walikuwa juu ya mihimili, punje zikiteleza zenyewe mahali fulani gizani, na sisi watatu tumezuia pumzi kama watu wanaosikiliza moyo wa mgonjwa. Nilitamka namba, naye Skola akaiandika ukutani kwa chaki. Hamsini na saba. Hamsini na sita. Aliacha ugali wa jioni, akawa anakimbia hadi njia panda ya Matai kabla ya jua kuchomoza. Jumamosi ya mwisho nilisema, "Hamsini na nne kamili," na Fundi, mtu asiyecheka, akanibeba juu juu.

Tulisafiri juu ya lori la mahindi. Nilikwenda kwa sababu Skola aliniombea kwa baba. Alisema mimi ni mtu wake wa namba. Sehemu kubwa ya safari nililala kifudifudi juu ya magunia, na nakumbuka tu mawingu na kikohozi cha injini.

Mizani ya Mbeya ilikuwa nyeupe, kama za hospitali. Mzee mmoja aliyevaa koti alisogeza kibao, akakisogeza tena, akasema, "Hamsini na sita." Nilitazama nyuma ya mkono wa mizani ile. Palikuwa patupu, chuma kinang'aa. Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama pale na kaptula yangu ya shule, kwamba kile kipande kilikuwa cha kwetu peke yetu.

Walimpa saa moja apunguze. Fundi alimvika koti lake la jeshi na Skola akaanza kuzunguka uwanja, jasho likimtiririka, akiwapita wavulana waliokuwa wakipasha misuli, akawapita tena. Aliporudi mizani ilisoma hamsini na tano. "Si niliwaambia?" mzee wa koti aliwageukia wenzake, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akiingoja nafasi hiyo. "Wanawake na chakula! Pambano limefutwa." Yule msichana wa Mbeya, aliyekwisha kufungwa bandeji mikononi, alikaa chini kwenye nyasi na kuanza kuzifungua kwa meno.

Fundi alimsogelea Skola. "Umekula nini?"

"Fundi, mimi..."

"Umekula nini, Skola?"

Alitazama chini.

"Umeniaibisha," alisema Fundi. Akachukua koti lake, akaondoka.

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Sentensi moja ingetosha: mizani yetu inapunguza kilo mbili. Niliiona akilini sura ya baba, nikaona wakulima wakisimama mlangoni mwa ghala, nikanyamaza. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini baadaye sikuwa mtoto tena, na bado nilinyamaza.

Kinachofuata wengi wa rika langu wanakijua. Mwalimu mmoja wa riadha alikuwa amemwona Skola akizunguka uwanja ndani ya koti zito, akamwomba abaki Mbeya. Miaka michache baadaye tulilisikia jina lake redioni, mbio ndefu, medali, nchi ambazo sisi tulizijua kwa stempu tu. Sumbawanga nzima ilijivuna. Watu walisema Mungu alimfungia ngumi ili amfungulie mbio, na mimi nilijificha nyuma ya maneno hayo. Lakini gunia la Fundi lilikuwa limeshushwa. Siku moja, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa karakanani kwake redio ilipomtaja Skola. Aliizima. "Miguu anayo," alisema. "Uaminifu hana." Alifariki kabla sijamaliza kidato cha nne, nami nilibeba upande mmoja wa jeneza lake.

Baba naye alikwisha kufariki zamani nilipopata ujasiri. Mwaka jana nilikwenda Matai, anakoishi Skola sasa na wajukuu. Magoti yake yamekwisha, anatembelea fimbo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mtu wangu wa namba. Umezeeka vibaya!"

Nilimweleza yote kabla chai haijaletwa, kwa kuogopa kwamba nikiinywa nitashindwa. Alinisikiliza akiangalia nje, kwenye shamba la ulezi. Nilitegemea hasira, au kicheko. Aliilaza fimbo yake juu ya mapaja.

"Lori liliposimama Laela," alisema mwishoni, "wewe umelala, Fundi ameenda kuzungumza na dereva, nilinunua hindi la kuchemsha. Moja. Nililila nimejifunika kanga. Miaka yote hii, Deo, nilijua ni lile hindi."

"Lisingeweza kufika kilo mbili, dada."

"Nani angenipigia hesabu hiyo? Nilikuwa na njaa ya miezi mitatu na aibu juu yake." Alipangusa macho kwa kiganja. "Medali nimewagawia watoto wachezee. Lakini Fundi alikufa akiniona mlafi. Mimi umeniambia, sawa. Sasa liseme mahali watu watalisikia."

Ghala letu siku hizi ni ukumbi wa harusi. Wakulima huja kwa wanunuzi na mizani zao wenyewe mfukoni, zenye namba nyekundu, na hakuna anayeona haya kupima mara mbili. Wasichana wa hapa mjini wanafanya mazoezi ya ngumi mchana kweupe, wanaitana mshikaji, na hakuna anayewauliza wataolewa na nani. Utotoni niliona siri ya baba ni kubwa kuliko jina la msichana. Leo siri ile haina tena mwenyewe, na jina bado lina mwenyewe, amekaa Matai, anangoja. Kwa hiyo naliandika hapa, kwa wajukuu wa Fundi Ambakisye na kwa yeyote aliyewahi kuambiwa vinginevyo. Skolastika hakumdanganya mwalimu wake wa ngumi. Mizani ilikuwa yetu, na mimi nilijua.