Talaka Iliyofungwa kwenye Gurudumu

Kheiria alikuwa mwanamke wa kushona kofia na kunyamaza, na mtu asidhani kwamba alinyamaza kwa kukosa la kusema. Alinyamaza kwa sababu mumewe, Suud, alisema kwa niaba ya wote wawili. Suud alikuwa mkarimu, fundi hodari, mtu wa watu, ila mdomo wake ulikuwa hauna mlango. Mdomo huohuo ulimpa Kheiria talaka mbili walipokuwa bado Unguja: ya kwanza kwa wali ulioungua, ya pili kwa harusi aliyokwenda Ng'ambo bila ya kuaga. Mara zote mbili Suud alirudi macho mekundu, akamrejea mkewe eda haijesha. Lakini ya tatu haina kurejeana, na kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo.

Walifika Matrah, bandari ya Oman, mwaka 1964, wao na Bi Masouda, mama yake Kheiria. Walikuwa Waarabu wa Oman ambao hawajapata kuiona Oman. Wakiitwa Waarabu kule walikotoka, huku wakaitwa Wazanzibari, na maisha yakaenda. Kheiria alizoea kila kitu isipokuwa joto. Unguja chumbani mwao kulikuwa na panka la umeme juu ya kitanda. Matrah majumbani umeme haukuwapo, na ile milima nyuma ya mji ikila jua mchana kutwa, jioni huutapika moto wake juu ya watu. Bi Masouda alisema wameletwa wachomwe kabla ya Kiyama. Kila baada ya adhuhuri Kheiria alikaa karibu na mama yake, aliyekuwa mgonjwa, akimpepea kwa kipepeo cha ukili mpaka mkono ukafa ganzi, na Suud akiliona hilo, akawa hana raha.

Hapo ndipo lilipozaliwa gurudumu. Suud alikuwa akitengeneza mashine za kuvuta maji mashambani, na zile zilizokufa kabisa alizikongoa akatoa sumaku zake. Aligundua, kama kila mtoto anavyogundua, kwamba sumaku mbili ukizielekeza uso kwa uso husukumana. Basi, alisema, ukizipanga kuzunguka gurudumu, hii itaisukuma ile, na ile itaisukuma nyengine, na gurudumu halitokuwa na sababu ya kusimama. Litie mapanga, umepata panka lisilokula mafuta wala umeme. Akampata mwenzake, Ishaq, fundi wa saa, mtu mpole mwenye imani ya haraka. Kila Ijumaa wawili hao walikuwa uani, wanakereza, wanapima, wanabishana kwa raha zao. Magurudumu yao ya mwanzo yalizunguka kidogo yakakwama. Suud hakushtuka. Alisema sumaku hazijatosha.

Hivyo akenda sokoni kutafuta nyengine. Suud aliamini, kama Wazanzibari wengi waliamini walipofika, kwamba Kiswahili nusu yake ni Kiarabu, na kwamba neno ukilitia "al" mbele litaeleweka. Akawauliza wenye maduka kama wanayo "al-sumaku". Wa kwanza akamwelekeza pwani kwa adabu. Wa pili vilevile. Wa tatu akamshika mkono akampeleka mwenyewe, akamsimamisha mbele ya nguru mzima aliyelazwa juu ya mkeka. Maskini Suud, sumaku kwa Kiarabu ni maghnatis, na samak ni samaki. Aliona haya kuondoka mikono mitupu, akamnunua yule nguru. Kheiria alimpika wa nazi, wakala vizuri, na Bi Masouda alicheka mpaka akasahau joto.

Ubaya ni kwamba barazani nako walicheka. Mbele ya nyumba yao Waswahili wa mtaa walikuwa wakikutana jioni kunywa kahawa, na mmoja wao, Aflah muuza kamba, hakuwa na kazi kubwa maishani kuliko kumchokoza Suud. Siku moja akamuuliza kama gurudumu lake litazunguka au litaogelea. Wenzake wakamtia ndimu. Mmoja alitaka kujua kama panka litanuka shombo. Suud akacheka nao, akacheka tena, kisha akasimama, na Kheiria, aliyekuwa nyuma ya mlango na sinia la vikombe, akaijua ile sauti kabla ya kusikia maneno.

"Sikilizeni nyote. Siku ntakayolipandisha gurudumu langu juu ya mhimili wake, lisipozunguka bila ya kusimama, basi hiyo ndiyo talaka ya tatu ya mke wangu."

Hata Aflah aliinamisha kichwa. Ishaq aliweka kikombe chini akasema taratibu kwamba maneno haya hayachezewi, lakini maneno yalikwisha toka.

Kheiria hakulia. Alikasirika mno hata kulia hakuweza. Fikiria: kaka zake wako Unguja, na Unguja hakurudiki, Oman nzima hana jamaa anayemjua kwa jina. Atamchukua mama yake mgonjwa ampeleke wapi, kwa kofia ngapi? Na lililomuuma kuliko yote ni kwamba bado alikuwa anampenda yule mpumbavu.

Asubuhi yake alijitanda baibui akenda kwa Sheikh Marhoon. Akamweleza maneno ya mumewe neno kwa neno, bila ya kupunguza wala kuongeza. Sheikh alimtaka ayarudie. Kisha akamwambia kwamba Suud hakutaja siku. Kaifunga talaka na kulipandisha gurudumu. Halijapanda, hapana talaka. Likipanda likazunguka bila ya kusimama, hapana talaka. Likipanda likasimama, yeye Kheiria si mkewe tena, na hapana mtu wa kumsaidia.

Kheiria akarudi nyumbani akamkuta Suud anapiga msasa gurudumu jipya, kubwa, zuri kwa kweli, sumaku zimezama pembeni mwake zimepangika sawasawa. Akamweleza yote aliyoambiwa na Sheikh. Suud akasema hapana haja ya hofu, safari hii litazunguka, na kwamba ameshawaita watu Ijumaa baada ya sala waje washuhudie.

"Una hakika?" Kheiria akamuuliza.

"Nnayo."

"Basi sikukatazi. Ntawapikia wageni wako kahawa. Lakini likisimama, mimi na mama tunatoka siku ileile, na hutotuona tena."

Hakumsihi, hakumlilia. Angeweza kulificha lile gurudumu, angeweza kulivunja. Hilo nalo lilimpitia. Lakini alikuwa amechoka kuishi na mume ambaye hajui kama ndoa yake inashikwa na yeye mwenyewe au na mdomo wake. Alitaka kujua, na alitaka kujua mbele ya watu. Akafunga nguo zake na za mama yake, akaliweka sanduku karibu na mlango.

Ijumaa ua ulijaa. Ishaq alikuwa ameukaza mhimili kwenye ubao, ameutia mafuta, anajifuta jasho. Aflah alikaa mbele kabisa, lakini ameinamia miguu yake, maana yeye ndiye aliyeyaanza na alilijua hilo. Kheiria alisimama nyuma ya pazia. Alijiambia kwamba yeye anamjua Suud, alijiambia tena na tena.

Suud alilinyanyua gurudumu kwa mikono miwili. Akalisogeza mpaka tundu lake likagusa ncha ya mhimili. Akabaki hapo. Watu walingoja. Ishaq akamnong'oneza aliteremshe tu. Suud akaliangalia gurudumu, akaliangalia pazia, jasho linamtiririka shingoni. Kisha akalirudisha kifuani pake, akasema kwa sauti ambayo hapana aliyewahi kuisikia kinywani mwake:

"Bado. Halijawa tayari."

Mmoja akaanza kucheka. Wengine wakafuatia, na Suud akasimama akachekwa bila ya kumjibu mtu. Aliwaaga mmoja mmoja mlangoni. Halafu akaja nyuma ya pazia, gurudumu limo mikononi, akamkuta Kheiria amekaa juu ya sanduku analia waziwazi, kilio chote alichokizuia tangu ile jioni.

Alikaa chini karibu naye.

"Ungelipandisha ningeondoka," Kheiria akasema.

"Nnajua." Akalipangusa gurudumu kwa ncha ya kanzu, akalisukuma chini ya kitanda mpaka likagonga ukuta. "Lakini lingezunguka, Kheiria. Wallahi lingezunguka."