Jini ya Mutarakwa

Syokau hakuamini mtu. Mvua ikinyesha, alitoka kuhakikisha kwamba ni maji. Tulipakana mlango kwa mlango katika nyumba za wafanyakazi wa katani, Thika, na hakuniacha hata siku moja peke yangu jikoni mwake.

Simlaumu sana. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na Syokau alipika jini, ile pombe kali ya Wazungu, kwa magendo. Akishikwa ni jela, kisha kurudishwa Kitui, na mwanawe Kilonzo aage shule.

Alichachusha sukari nguru, akatia matunda ya mutarakwa, mwerezi wa milimani, ili kuipa harufu, akapitisha mvuke kwenye bomba la shaba lililozama ndani ya karai la maji baridi. Matone ya kwanza ni sumu, na aliyamwaga nyuma ya nyumba. Tena kila kikombe alikionja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Kwa hilo walevi walimwamini kuliko kasisi.

Halafu akaja Gachanja, seremala wa Ruiru. Hakucheka, hakulewa, alitazama mikono ya Syokau tu.

“Huyo ni macho ya serikali,” Syokau aliniambia.

Nilimwambia aache wazimu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi moja mchana aliyahifadhi yale matone ya kwanza. Alitaka Gachanja augue, akome kuja. Seremala alipoketi, akamsukumia kikombe cha matone hayo bila kukionja.

“Mama Kilonzo, leo huonji?”

“Tumbo linanisumbua.”

“Aca, hapana, onja kidogo tu, kama siku zote.”

Walevi wakageuka kumtazama. Syokau akakiinua kikombe. Kilipofika mdomoni alishindwa, akakimwaga sakafuni.

Gachanja akasimama. “Ndugu yangu alitiliwa sumu na watu aliokula nao. Tangu hapo nakunywa kwako tu, kwa sababu unaonja kwanza.”

Akaondoka. Nilimkasirikia Syokau hadi nikatamani kumzaba kofi, na bado nilimwonea huruma. Mzee Kitheka, mteja wake wa kwanza, alichungulia kikombe chake, akakiweka chini, akachukua kofia. Wengine wakamfuata bila kuaga.

Polisi hawakuja kamwe. Wateja pia hawakurudi. Katikati ya muhula Syokau alifunga mizigo akarudi Kitui, na Kilonzo akaenda naye.